Pembe ya Shamba

Masomo: Mambo ya Walawi 19:9-10, Ruthu 2



Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya kumi na tisa, Mungu anampa mkulima wa Israeli amri ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa ndogo. Anamkataza kulivuna shamba lake mpaka pembeni kabisa. Anamkataza kurudi nyuma kuokota masuke yaliyodondoka. Anamkataza kuziokota zabibu zilizoanguka chini. Vyote hivyo aviache kwa ajili ya maskini na mgeni. Na ili mkulima asidhani kwamba amepewa ushauri tu, Mungu anaifunga amri hiyo kwa kulitaja jina lake mwenyewe, kana kwamba anatia sahihi chini ya hati.

Hebu tulitazame neno hili kwa makini. Mungu hakumwambia mkulima avune kila kitu, akiingize ghalani, kisha amgawie maskini kadiri moyo wake utakavyomtuma. Hiyo ingekuwa sadaka, na sadaka ina mahali pake. Hapa alisema pembe isiguswe. Maana yake ni kwamba pembe ile haikuwa ya mkulima tangu siku ya kupanda. Jasho lilikuwa lake, mbegu ilikuwa yake, lakini sehemu ile ilikwisha kuwa na wenyewe. Basi anayevuna mpaka pembeni hajapungukiwa ukarimu tu. Amechukua cha mtu mwingine.

Leo napenda tuisome amri hii kwa macho ya watu ambao hatuwaulizi mara nyingi, nao ni watoto waliokulia kando ya mashamba ya Kanisa. Nawataja hao kwa sababu Kanisa katika pwani yetu lilianza na jembe karibu wakati ule ule lilipoanza na madhabahu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoweka makao yao Bagamoyo mwaka 1868, walipanda minazi na kulima bustani, wakawaweka hapo watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Waanglikana wa misheni iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu, walifanya vivyo hivyo Unguja. Kwa hiyo Wakristo wengi wa kwanza wa pwani hii walikuwa watoto wa shamba.

Wengi wenu mkilisikia jina la Mbweni huifikiria Mbweni ya Wilaya ya Kinondoni, upande wa baharini wa barabara iendayo Bagamoyo, jirani na Boko na Ununio. Lakini ng'ambo ya bahari, kusini ya mji wa Unguja, iko Mbweni nyingine, ambayo jina lake liliingia mapema zaidi katika habari za Kanisa. Tuanze na hiyo, kisha tuvuke kurudi bara.

Shamba la Mbweni ya Unguja lilinunuliwa na Askofu Tozer wa UMCA mwaka 1871. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko lao. Hata hivyo majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata. Watu waliookolewa humo hawakuwa na kwao tena. Wengi walikuwa watoto, na kijiji alikotoka mtoto kilikuwa mwendo wa miezi mingi, pengine kimekwisha kuchomwa moto. Sehemu yao ililetwa Mbweni. Pale palijengwa shule ya wasichana iliyoitwa St Mary's, na kando yake kikakua kijiji cha watu waliowekwa huru, wakipewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima. Kanisa la Mtakatifu Yohana liliwekwa wakfu hapo mwaka 1882. Shule ile haipo tena. Magofu ya kuta zake bado yanatazama bahari.

Kwa miaka mingi shule hiyo iliongozwa na mwanamke wa Kiingereza, Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Hakurudi kwao kuzeeka. Alikufa Unguja mwaka 1926, akazikwa Mbweni, katikati ya watu aliowafundisha. Na mmoja wa vijana waliofundisha Mbweni alikuwa Cecil Majaliwa, ambaye utotoni aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1890 alipewa daraja ya upadre, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata katika misheni ile, naye akatumika kwa bidii huko Chitangali, upande wa Masasi. Masasi yenyewe ilianza kuwa misheni mwaka 1876, pale Askofu Steere alipovuka bara na wanaume na wanawake zaidi ya hamsini kutoka kijiji cha Mbweni. Angalieni basi shamba lile lilizaa nini. Watu waliofika wakiwa wamefungwa chini ya jahazi waliondoka wakiwa wajenzi wa Kanisa lingine.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Shamba hilo hilo liliwafanya watoto wafanye kazi. Huko Bagamoyo, siku ya mtoto iligawanywa baina ya sala, masomo na jembe, na jembe halikupewa muda mdogo. Barua za wamisionari wenyewe zimesomwa baadaye na wanahistoria, na ndani yake wamo vijana walionung'unika, na wamo waliotoroka. Waliokombolewa hawakuulizwa kama walipenda kukaa pale. Walishukuru, na huku walikuwa chini ya kengele ya mtu mwingine. Mambo hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja, wala hatuna ruhusa ya kulifuta moja ili lingine lipendeze.

Tunajuaje yaliyokuwa mioyoni mwa watoto? Kwa sehemu ni kwa sababu mtu mmoja aliona vema kuwauliza. Huko Kiungani, karibu na mji wa Unguja, misheni ilikuwa na shule ya wavulana. Mwalimu mmoja wa UMCA, A. C. Madan, aliwafanya vijana waandike kwa Kiswahili habari za maisha yao: walikozaliwa, walivyotekwa, njia waliyopitishwa, mikono waliyouzwa kwayo. Akazitafsiri kwa Kiingereza, nazo zikachapishwa London mwaka 1887 katika kitabu kilichoitwa Kiungani. Taasisi nyingi huandika taarifa zake kila mwaka, zikihesabu minazi, mahindi na waliobatizwa. Chache huwauliza watoto wanakumbuka nini. Na mtoto, ndugu zangu, hutunza hesabu ya namna nyingine. Hakumbuki bei ya nazi. Anakumbuka mlango ulikuwa wazi au umefungwa.

Sasa tuvuke tuje Mbweni ya bara. Huko ndiko nilikokulia, nyumba yetu ikipakana na shamba la nyumba moja ya Kanisa, ambayo jina lake si la lazima kwa neno la leo. Majirani wengi walikuwa Waislamu, Wazaramo na watu wengine wa pwani, na wengi wetu watoto tulikwenda chuoni kujifunza Kurani kabla hatujajua kusoma herufi nyingine. Shamba lile lilikuwa na minazi, miembe, mikorosho na mihogo. Mpaka wake ulikuwa ua wa minyaa, na ua wa minyaa, kama mjuavyo, humzuia ng'ombe lakini haumzuii mtoto.

Palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, na kila mtoto aliijua. Embe lililo mtini ni la shamba. Embe lililoanguka ni la aliyelikuta. Msimu wa korosho ulipofika, mlinzi wa shamba, mzee tuliyemwita Babu, alituamkua baada ya shikamoo zetu na kutuambia, "Haya wajukuu, kuleni mabibo, korosho ziwekeni shinani." Nasi tulikula mabibo mpaka nguo zikaota madoa yasiyotoka, na korosho tukazipanga chini ya mti. Hakuna aliyezihesabu. Lakini mtoto aliyetia korosho mfukoni alishitakiwa na watoto wenzake kabla Babu hajajua.

Tena palikuwa na kisima. Visima vyetu vya kijijini wakati wa kiangazi vilitoa maji ya chumvichumvi, kwa kuwa bahari iko karibu. Kisima cha shamba kilikuwa na maji baridi, na asubuhi masista waliacha mlango mdogo wazi ili akina mama wateke. Mwezi wa Ramadhani, mihogo ya upande ule wa shamba ulioelekea kijijini ilichimbwa ikawa futari katika nyumba nyingi. Siku ya Idi, sinia la pilau lilipita mlango ule ule kwenda kwa masista. Hatukuwahi kusikia mahubiri juu ya jambo hilo. Sidhani kama hata wao walilitaja katika taarifa zao. Nilipokuja kusoma Mambo ya Walawi nikiwa mtu mzima, sikuhitaji mwalimu wa kunieleza pembe ya shamba ni kitu gani. Nilikuwa nimekwisha kula humo.

Miaka ilipita, wakaja viongozi wengine. Walikuwa na hoja zao, nazo hazikuwa za kipuuzi. Nazi zilikuwa zikiibwa usiku, mji ulikuwa unasogea, na watu walikuwa wameanza kupima ardhi kwa macho. Wakaung'oa ua wa minyaa, wakajenga ukuta wa matofali ya saruji, na juu yake wakapanga vipande vya chupa. Kisima kikabaki ndani. Mlango mdogo ukazibwa. Akina mama wakaanza kwenda mbali zaidi na ndoo zao, na maembe yaliyoanguka yakaozea chini ya miti, kwa maana ndani hapakuwa na watoto wa kuyaokota.

Wakati wa ua wa minyaa, mgeni akionekana shambani usiku, kijiji chote kilipiga mayowe na kutoka na mienge. Baada ya ukuta kujengwa, mbwa walibweka usiku kucha, wala hapana aliyefungua mlango wake kuuliza kulikoni. Ukuta ulilinda nazi dhidi ya watoto, na shamba likabaki bila mlinzi dhidi ya wezi. Lililo zito zaidi ni hili: watoto waliozaliwa baada ya ukuta waliijua nyumba ile kwa vipande vya chupa. Kwao, hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya Kanisa. Wangeambiwa nini juu ya upendo wa Mungu, nao wameuona ukuta wake?

Wapenzi wasikilizaji, sisimulii haya ili tuililie miembe ya zamani. Jambo hili liko mezani mwetu leo. Mwaka 1978 sensa ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu wapatao 843,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao wote wanahitaji mahali pa kulala, na palipokuwa mashamba pembezoni mwa mji, Kinondoni kama ilivyo Temeke, pamepimwa viwanja. Parokia, sharika, mashirika ya watawa, shule na zahanati za Kanisa zenye ardhi katika sehemu hizo sasa zimekalia mali ambayo waanzilishi wao hawakuiota. Pengine wewe unayenisikiliza ni mjumbe wa kamati ya mali ya kanisa lako. Pengine wiki hii utaketi kuamua ukuta upite wapi, kisima kifungwe au kiachwe, kipande kile cha chini kiuzwe au kilimwe. Naomba amri ya pembe iketi nawe katika kikao hicho.

Nchi yetu inatusaidia kuielewa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Hati uliyo nayo ni haki ya kuitumia na kuimiliki kwa masharti. Si uungu juu ya udongo. Maandiko yalikwisha kusema jambo lililo karibu na hilo katika sura ya ishirini na tano ya Mambo ya Walawi, ambapo Mungu anawaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni na wapangaji mbele yake. Basi Kanisa lenye hati ni mgeni mwenye hati. Haliwezi kuvuna mpaka pembeni likidai kwamba karatasi imeliruhusu.

Pembe ya shamba leo si lazima iwe masuke ya ngano. Yaweza kuwa bomba la maji nje ya ukuta, kwa bei ambayo mama wa jirani anaimudu. Yaweza kuwa njia ya miguu iliyoachwa ili watoto wasiizunguke barabara kuu wakienda shule. Yaweza kuwa uwanja wa mpira siku za Jumamosi, au nafasi kadhaa katika shule ya bweni kwa watoto wa mtaa ule ule, hata kama wazazi wao hawasali nasi. Kila nyumba itazame ina nini, lakini itazame mapema. Amri ilitolewa kwa mkulima kabla hajavuna. Anayengoja mpaka ghala lijae ndipo afikirie pembe, atakuta pembe imekwisha kuvunwa.

Nasi tulio majirani tuna sehemu yetu. Ruthu Mmoabi alikuwa mjane, maskini na mgeni. Alikuwa na haki mara tatu ya kuingia katika shamba la Boazi. Hata hivyo aliomba ruhusa kwa msimamizi wa wavunaji, akaokota nyuma yao, wala hakugusa miganda isiyokuwa yake. Wako watu siku hizi ambao huona ardhi ya Kanisa haijajengwa, wakaingia usiku na nguzo na mabati, wakasema Mungu ni wa wote. Hiyo si pembe. Huo ni uvamizi. Mtoto wa Mbweni aliyekula bibo akaacha korosho shinani aliijua tofauti, wala hakuwa amesoma sheria yoyote. Ukarimu wa mwenye shamba na uaminifu wa jirani hutegemeana kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu humwagika.

Tena tuzingatie alivyofanya Boazi. Yeye hakuishia kwenye amri. Amri ilimtaka aache kilichodondoka. Yeye aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka katika miganda na kuyaangusha kwa makusudi, ili yule mwanamke ayaokote bila kuona haya. Hakumwita mbele ya watu kumkabidhi gunia huku wengine wakipiga makofi. Aliyaacha yaanguke. Wahenga walisema wema hauozi, na Maandiko yanathibitisha. Maana Ruthu alikuja kuolewa na Boazi, akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi mfalme. Na katika ukoo wa Daudi alizaliwa Mwokozi wetu. Tumekombolewa na Mwana wa ukoo uliolishwa pembeni mwa shamba la mtu.

Kwa hiyo tunapoiweka mipaka ya ardhi zetu tukumbuke ni nani anayeweza kuwa amesimama upande wa pili. Huko Mbweni ya Unguja alisimama mtoto asiye na jina la baba, na kutoka kwa watoto wa namna hiyo Mungu aliinua walimu na mapadre. Katika mtaa wako anasimama mwingine leo, na ndoo yake mkononi. Naye anaandika hesabu moyoni, na siku moja ataulizwa Kanisa lilikuwaje alipokuwa mtoto.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye nchi na vyote viijazavyo, utufundishe kuacha pembe ya shamba. Uwape wanaotawala mali ya nyumba yako macho ya kumwona jirani, na utupe sisi majirani mikono isiyogusa kisicho chetu. Uwakumbuke watoto wote wanaokulia nje ya kuta zetu, nasi utujalie tuwafungulie mlango wangali watoto. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.